Laini ya Mama Isikatike

Kila siku, saa kumi kasorobo jioni, Mama alikatiwa simu, na kila siku alidhani kosa ni lake.

"Nimemkata mteja!" alisema, akipapasa meza kutafuta nyaya ambazo hazikuwapo. "Katikati ya maneno! Leo msimamizi atanitoa roho."

Mama alikuwa opereta wa simu miaka thelathini, enzi za kuchomeka nyaya kwenye ubao na kuwaunganisha watu kwa mkono. Sasa kumbukumbu zilikuwa zikimtoka moja moja, na swali lilelile aliliuliza mara arobaini kabla ya chakula cha mchana. Binti yake wa mwisho, fundi saa aliyehamishia meza ya kazi sebuleni ili amwangalie, alijibu mpaka akakaukiwa mate. Ndipo alipoweka kwenye simu ile programu ya akili bandia inayoongea. "Karibu sana, nimefurahi kukusikia. Nikusaidie nini?" ilisema, na Mama akaipenda papo hapo. Haikuchoka. Haikuwahi kumwambia, "Mama, si nimeshakujibu?" Lakini ya bure ilikuwa na kipimo. Kipimo kikiisha sauti inanyamaza, yanatokea maandishi: lipia uendelee.

"Kijana mzuri sana yule," Mama alisema siku moja. "Nimemuuliza kama amekula, eti yeye hali. Nikamuuliza anakaa wapi, eti hana nyumba. Masikini! Mtu ana sauti nzuri vile, na hana kwao."

Fundi saa alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo. Sababu za kucheka zilikuwa chache. Jicho lake la kulia, lile la kazi, lilikuwa na mtoto wa jicho. Skrubu zilikuwa zinamponyoka, na juzi mteja alirudisha saa yenye mshale wa dakika uliopinda, akaiweka mezani. Kliniki ilishampa tarehe mbili za upasuaji, zote zikapita kwa kukosa wa kukaa na Mama. Ya tatu ilikuwa Jumatatu. Akiikosa, muuguzi alimwambia, anaanza foleni upya, mwakani. Na fundi saa asiyeona ni nani? Ni mtu aliyekaa na saa mbovu za watu, basi.

Akaandika kwenye kundi la familia: "Jamani, naomba mmoja aje akae na Mama siku tatu tu, Jumatatu napasuliwa jicho. Pia ile programu ya kuongea inakatika kila jioni mpaka ilipiwe, na Mama anahangaika."

Kosa lake likawa hilo, kuweka mambo mawili kwenye ujumbe mmoja.

Kaka mkubwa, ambaye kwa miezi mitano hakupata nafasi hata ya kupiga hodi, alijibu kabla chai haijapoa. "Kumbe inalipiwa? Mbona hukusema! Tulipe mwaka mzima, Mama asisumbuke." Dada, ambaye simu yake huwa haina chaji akitafutwa, leo chaji alikuwa nayo. Akaweka mikono ya kupiga makofi, akaandika, "Mungu akubariki kaka. Hapo tumemsaidia sana Mama." Tumemsaidia! Habari ya jicho wakajitia hamnazo wote wawili. Fundi saa akaiandika tena, hiyo ya jicho peke yake. Wakaisoma. Hakuna aliyekohoa.

Pesa ya mwaka mzima iliingia kwenye simu yake siku hiyohiyo. Aliichukia, na aliitaka. Sauti isingekatika tena. Jirani angepita kuchungulia, Mama angeongea na kijana wake kutwa, na yeye angelala kitanda cha kliniki. Jumapili kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kulipa.

"Mama, nikikuachia yule kijana siku tatu, muongee mchana kutwa, utaridhika?"

Mama alimtazama kwa macho makali ya kazini. "Mteja alikuwa anamtaka nani?"

"Tuseme... anamtaka mwanawe."

"Basi muunganishe na mwanawe! Mteja haunganishwi na yeyote tu ili anyamaze. Sisi ukifanya hivyo, unafukuzwa siku hiyohiyo."

Fundi saa akaondoa kidole.

Jumatatu asubuhi pesa ya kaka ilikodi teksi, na chenji ikabaki. Yeye na Mama wakashuka getini kwa kaka na begi moja lenye nguo, dawa na sweta. Wifi alifungua mlango, akaliona begi, uso ukamshuka. Kaka akatokea nyuma yake, tai mkononi.

"Ungenipigia basi! Saa tatu nina kikao."

"Na mimi saa tatu nina kisu cha jicho," fundi saa alisema, na begi akaliweka ndani ya mlango.

Kaka aliwatazama majirani waliokuwa wakipita, akaona hana pa kutokea. Akavaa ile sauti yake ya kikaoni, laini, isiyo na kona. "Shikamoo, Mama. Karibu sana, nimefurahi kukuona. Nikusaidie mkoba?"

"Marahaba," Mama alisema, kisha akatega sikio kama alivyozoea kutega ubaoni. Uso ukamchangamka. Akamshika mikono yote miwili.

"Ni wewe! Yule wa kwenye simu! Kumbe una nyumba, baba? Tena nzuri hivi!"

"Mama, ni mimi. Mwanao."

"Una adabu sana," Mama alimwambia, akimpigapiga mkono. "Na mimi ninaye mwanangu mkubwa, anaongea vizuri hivihivi. Ningekuunganisha naye, ila hapatikani."