Shela la Kibaraza

Fundi wa nyavu alifika Jumanne asubuhi. Alinipa shikamoo mkanda wa kupimia ukiwa tayari mkononi, na kabla sijaitikia vizuri alikuwa ameshapanda juu ya kiti changu cha kushonea, anapima kibaraza changu. Nikamuuliza nani kamtuma.

"Meneja," akasema, kama vile hilo linatosha.

Meneja ni mwanangu wa kwanza. Jina hilo nilimpa mwenyewe alipokuwa na miaka sita, siku niliyomkuta amewapanga wenzake foleni ya kunywa maji bombani. Sasa anasimamia ghala kweli, ana watu ishirini wanaomwitikia ndiyo mzee, na tatizo lake ni kudhani mimi ni wa ishirini na moja.

"Shuka kwenye kiti," nilimwambia fundi.

"Mama, nimeambiwa leo nipime, Ijumaa nifunge."

"Funga mdomo kwanza. Shuka."

Akashuka. Nikamwambia anionyeshe huo wavu alioagizwa. Akatoa kwenye begi kipande cheusi, kizito, kimesukwa karibu karibu kama gunia la unga. Akakisifia sana. Jua halipiti, vumbi halipiti, mbu ndiyo kabisa, na mtu wa nje hawezi kukuona hata akikodoa macho.

"Na mimi nitamwona yeye?"

Akajikuna kisogo. "Utaona kivuli chake, mama."

Nilimrudishia kipande chake na kumwambia aende akanywe chai, nitamwita. Hasira zilikuwa zimenipanda mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Ukweli usemwe: mwaka ule malaria ilikuwa imenilaza mara mbili. Mara ya pili Meneja alinibeba mgongoni kutoka chumbani mpaka kwenye gari, nikakaa hospitali siku nne na dripu mkononi. Niliporudi nyumbani alinijia na masharti. Ama kibaraza na madirisha vifungwe nyavu anazotaka yeye, ama nihamie kwake, ghorofa ya tatu, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Nilikiona hicho chumba. Kina kitanda kizuri, kina feni, na ukisogeza pazia unahesabu matofali.

Kibaraza changu kina upana wa hatua nne na sakafu ya saruji nyekundu iliyong'aa kwa kukaliwa. Cherehani iko kushoto. Hapo nimeshona mashela ya mabibi harusi miaka arobaini, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Mama Shela. Hapo ndipo nilipowalea wanangu, Meneja akiwa chini ya meza na kopo la kulabu, ananishonea kulabu za magauni kwa vile vidole vyake vidogo. Tangu baba yao afariki, watu wangu ni hao wanaopita mbele ya nyumba: mwuza mikate na baiskeli yake, walimu wanaowahi shule, fundi viatu wa kona ambaye hajawahi kunipita bila kunitania. Nikizibwa macho pale, nitakufa upesi kuliko mbu wanavyoweza kuniua. Sikulificha jambo hilo. Nilimpigia simu nikamwambia hivyo hivyo.

"Mama, usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema.

"Unachoniletea wewe si kiraka cha ufa, mwanangu. Ni ukuta wenyewe."

Nilisikia watu wa ghalani wakipiga kelele nyuma yake.

"Sawa," akasema. "Chagua wavu wako. Ushone ukitaka. Lakini Jumamosi jioni nakuja, tunakaa hapo wote saa nzima wakati wa mbu. Akikuuma mmoja tu, mmoja, unapakia nguo na tunaondoka."

"Akiniuma mmoja napakia mwenyewe, hata usinishikie begi."

Ulimi hauna mfupa. Nilishakata simu ndipo nikagundua nimeiweka nyumba yangu rehani kwa mbu.

Mchana ule nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi na yule fundi nyuma yangu. Mwenye duka alianza kunieleza habari za nyavu, huu wa plastiki, huu wa bati jepesi, huu wa chuma kisichoshika kutu, kama mtu anayemweleza samaki habari za maji. Nilimwacha amalize. Halafu nikamwomba kipande cha kila aina, nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikaanza kujifunika usoni kimoja kimoja na kutazama ng'ambo ya barabara. Hivyo ndivyo shela linavyochaguliwa. Ukilitazama mezani halikuambii kitu, lazima uwe ndani yake.

Ule wa bati ulimetameta juani mpaka ukaniumiza macho. Ule mweupe ulifanya barabara yote iwe kama imemwagiwa maziwa. Hilo nililijua tangu zamani, kwa sababu nimeshona shela jeupe la harusi na shela jeusi la kufiwa, na wajane walikuwa wakiniambia kwamba jeusi halizuii macho. Ule mweusi wa kawaida nilipojifunika, nikasoma maandishi yote kwenye mlango wa kinyozi wa ng'ambo, hadi yale madogo ya chini yanayosema usiteme mate.

"Huo matundu yake makubwa kidogo," mwenye duka akasema. "Chukua huu wa matundu madogo sana. Hata usubi haupiti."

Nikautandaza mbele ya uso wangu, nikamwomba fundi ashike njiti ya kiberiti upande wa pili, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Moto haukuyumba.

"Mama, zima! Hapa kuna rangi na mafuta ya taa!" mwenye duka akapiga kelele.

"Nimepuliza, nao haukuzimika, umeona mwenyewe. Kama pumzi yangu haipiti, upepo utapita wapi? Unataka nichemke humo ndani kama kiazi?"

Nikapuliza kupitia ule wa kawaida na njiti ikazima. Nikauchukua huo kwa kibaraza na madirisha ya vyumba, na kipande kidogo cha ule wa matundu madogo kwa dirisha la choo, kwa sababu huko ndiko usubi unakotoka. Mwenye duka alinitoa mpaka mlangoni. Nadhani alitaka kuhakikisha naondoka.

Fundi alikuwa mtu mzuri, ila ana haraka. Alitaka kuupigilia wavu moja kwa moja kwenye fremu za zamani na kwenda zake. Nikamwambia, "Kitambaa hakivuji, baba. Unaovuja ni mshono." Akacheka. Nikamshikisha tochi, nikamwambia aingie chumbani afunge dirisha na mlango, amulike pembeni mwa fremu. Mimi nikiwa nje niliuona mwanga ukitoka sehemu tatu, na moja ingepitisha hata panya mwenye mimba. Hakucheka tena. Alitafuta mbao, akaziba, ndipo akapigilia.

Kibaraza nilikishona mwenyewe. Siku mbili sikushona kitu cha mtu mwingine. Nilikunja pindo mara mbili, nikaupitishia mnyororo mwembamba chini ili wavu ulale sakafuni usipeperuke, na kwa mlango nikatia zipu ndefu kutoka chini mpaka juu. Mgongo uliniuma, macho yakaniuma, na nikaimba muda wote. Fundi alipoutundika Ijumaa, nilikaa kwenye kiti changu nikatazama nje. Barabara yote ilikuwepo. Fundi viatu akasimama mbele.

"Mama Shela, mbona umejifunika? Unaolewa na nani?"

"Na kibaraza changu. Wewe ulichelewa kuposa."

Meneja alikuja Jumamosi saa kumi na moja na nusu, na sanduku. Sanduku kubwa, gumu, la magurudumu, halina kitu ndani. Nilijua kwa jinsi lilivyokuwa likigongagonga. Aliniletea sanduku tupu la kutilia nguo zangu! Nilitaka kumfungia zipu usoni.

"Ingia, funga nyuma yako," nikamwambia.

Akaingia, akapandisha zipu hadi mwisho, akabaki amesimama anaitazama kule juu kwa kitambo. Halafu akavuta kiti, akakunja mikono ya shati na miguu ya suruali. Mimi nikavua viatu, nikapandisha gauni kidogo. Saa ya ukutani ilionekana kupitia mlango. Tukakaa kama watu wanaosubiri daktari.

Nje giza lilianza kuingia na mbu wakaja. Tuliwasikia. Walitua kwenye wavu kwa makumi, upande wa huko, wakitembea na kutafuta njia. Nilifurahi kuliko siku nilipolipwa shela langu la kwanza.

"Waone," nikasema. "Wamekuja kunisalimia, wameishia mlangoni."

Hakucheka. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Ile siku nilipokubeba," akasema, "hukuwa na uzito, mama. Nilikuwa naenda garini nageuza shingo kila mara kuangalia kama bado uko mgongoni."

Hilo hakuwahi kuniambia. Liliniingia moyoni, na hasira niliyokuwa nimeitunza tangu Jumanne ikanyong'onyea. Lakini sikutaka huruma inichukulie nyumba.

"Naelewa umeogopa," nikamwambia. "Mimi pia niliogopa. Ila usiniokoe kwa kunizika ghorofani. Mimi si mzigo wa ghala, unitafutie rafu."

Akafungua mdomo kujibu, na wakati huo huo nikaumwa.

Kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, kwa ndani. Mbu mmoja, sijui kapita wapi. Niliusikia ule mchomo, halafu ule mwasho unaoanza polepole na kukua mpaka unakuwa ndio kitu pekee duniani. Sikutazama chini. Sikusogeza mguu. Saa ilionyesha zimebaki dakika ishirini na mbili, na kwa dakika ishirini na mbili nilikaa nimenyooka, nikaongea habari za bei ya uzi, habari za dada yake na mumewe mpya, habari za choo cha jirani. Nilipoishiwa habari nikaanza kutunga. Mguu uliniwaka. Nilibana meno na kutabasamu, na moyoni nikasema, mbu, kunywa, lakini kibaraza hiki hukipati.

Ndiyo, nilidanganya. Niliahidi kwa mdomo wangu na nikadanganya kwa mguu wangu. Ningedanganya tena.

Saa ikafika. Meneja akasimama, akashusha mikono ya shati.

"Haya, mama. Umeshinda."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Akachukua sanduku lake, akaenda kwenye zipu. Akashika kishikio, hakukishusha. Alikuwa amenipa mgongo.

"Mama."

"Sema."

"Jikune sasa."

Akasimama kwa ncha za vidole, akanyoosha mkono juu, akaingiza kidole pale zipu inapoishia. Kikaingia chote, kikatokea nje. Tundu la kidole kimoja, sawasawa, pale ambapo kwenye kila gauni nililoshona miaka arobaini huwa naacha nafasi juu ya zipu, kwa ajili ya kulabu. Mkono wangu uliacha nafasi hiyo bila kuniuliza, na kulabu sikuitia. Mimi niliyemmulikisha fundi wa watu fremu kwa tochi. Kinyozi hajinyoi.

"Uliona tangu unaingia," nikasema.

"Nimekaa chini ya meza yako miaka minane, ningekosaje kuona?" Akageuka. Macho yake yalikuwa na maji na midomo inataka kucheka. "Kopo la kulabu liko wapi?"

"Palepale."

Akaenda, akarudi nalo, na sindano amekwishaitunga uzi. Zipu ilikuwa ndefu na yeye mfupi kama baba yake, mikono miwili haikufika. Akatazama huku na huku, halafu akalilaza lile sanduku tupu sakafuni, akapanda juu yake, akaanza kushona. Mimi nikainama, nikajikuna mpaka nikaridhika.