Mikono ya Mama Ozella

Sikuwa na baba, sikuwa na koti la kuvaa jukwaani, na ngoma niliyokuwa nikipiga ilikuwa ya kuazima. Jina langu nilikuwa siwezi kuliandika. Tena sikuwa na pa kukimbilia: hapo Memphis, mwaka wa hamsini na tatu, santuri tuliyokuwa tukirekodi na bendi yetu ikishindikana, Jumatatu ningerudi ghalani kubeba marobota ya pamba.

Kitu kimoja nilikuwa nacho, lakini kilifungwa na kiapo. Mama Ozella Pettway, aliyenilea, alikuwa mama wa kanisa letu. Ndiye aliyenifundisha kupiga: pigo la kwanza liache lipite, la pili ulikamate, la tatu liache, la nne ulikamate, mpaka wazee watupe mikongojo.

"Mdundo huo ni wa Bwana," alinionya. "Ukiupeleka kilabuni, chakula changu usikile tena."

Nikaapa.

Basi studioni nikawa naipapasa ngoma kistaarabu. Tulirudia wimbo mpaka Cleotha, mwimbaji wetu, akatupa taulo chini.

"Lucius, unapiga ngoma au unabembeleza mtoto?"

"Nimeapa, bwana."

"Basi kiapo chako kikubebee pamba!"

Mwenye studio alisema imebaki mara moja tu, kisha zamu ya wengine. Wakati huo Mama Ozella akaingia, kofia kichwani, ameniletea samaki wa kukaanga na mkate wa mahindi kama kawaida yake. Akakaa kwenye kiti cha pembeni, akatusikiliza tukijipasha.

"Mnamzika nani?" akauliza.

Cleotha akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

"Mama, si wewe uliyeniapisha?"

"Nilikuapisha wewe. Mikono yangu sijaiapisha."

Akavua glavu zake nyeupe, na wimbo ulipoanza akapiga makofi, la pili na la nne, kama Jumapili. Nikamtazama. Akaniitikia kwa kichwa. Fimbo zangu zikaangukia palepale penye mikono yake, na Cleotha akaimba kama mtu aliyeunguzwa.

Wimbo ule ulipigwa redioni, na vijana weupe kwa weusi wakaununua. Pamba sikuibeba tena. Nikapata kazi za kupiga ngoma, na ada ya shule ya usiku.

Miaka ikapita, ikaja barua ya kijana mpiga ngoma wa Uingereza. Alikuwa ameiga mdundo wetu. Alitaka kujua ni wa nani, amshukuru kwenye jalada la santuri yake. Nikampelekea Mama Ozella, nikamsomea mwenyewe.

"Jina langu kwenye vitu vya kilabuni?" Akaigeuzageuza mikono yake mapajani, sasa imekunjamana. "Mwandikie mikono ni ya Mungu." Kisha akatabasamu. "Ila alikuwa amemwazima Ozella Pettway. Uandike vizuri, nisiaibike."

Niliandika polepole, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nikalamba gundi, nikaigonga bahasha kwa kiganja ishike, nikaenda kuitia kwenye sanduku la posta.