Damu ya Upande Mmoja

Siku ya saba hakuja mtu kumnyoa mtoto nywele. Mwanarehema alikaa kitandani akisikiliza sauti za wanaume barazani. Mgongo ulimuuma, na tangu alfajiri hajaletewa hata uji. Mapajani mwake mtoto wa kike alifumba macho kwa nguvu, akiukimbia mwanga wa dirishani. Ngozi yake ilikuwa nyeupe yenye wekundu. Nywele zake zilifanana na ndevu za hindi bichi.

Mwaka huo wa 1987 Mwanarehema alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya Shanzu. Mshahara wake ndio ulioezeka nyumba ile ya Magogoni. Sasa kazi hiyo hiyo imekuwa kesi.

Alipoitwa alitoka amejifunika leso, mtoto kifuani. Mzee Mwidani, baba mdogo wa mumewe, alikuwa amekaa katikati ya baraza.

"Hatutaki kelele. Mtaje huyo mzungu, tumalize."

"Sina mzungu, baba. Wallahi, simjui mwanamume ila Bakari."

"Watandika vitanda vya wazungu, kisha wazaa mzungu. Watuona wajinga?"

Bakari, mumewe, alitazama chini. Mamake, Bi Dhahabu, alisimama mlangoni, ncha ya kanga mdomoni.

"Huyu ni zeruzeru," Mwanarehema alisema. "Twendeni kliniki mkaulize."

Wakaenda wote. Nesi Margret alimwangalia mtoto macho, akavuta bakuli la nafaka alilotumia kufundishia akina mama lishe. Mbele ya Bakari aliweka punje mbili, kunde nyeusi na hindi jeupe. Mbele ya Mwanarehema vilevile.

"Kila mtu hubeba mbegu mbili za rangi, moja ya babake, moja ya mamake. Kunde ndiyo yenye nguvu. Ikiwapo hata moja, ngozi huwa nyeusi, na hindi halionekani. Ndivyo mlivyo nyinyi wawili. Lakini kila mzazi humpa mtoto moja tu." Akazipanga punje mezani: kunde na kunde, kunde na hindi, hindi na kunde. Mwisho, hindi na hindi. "Njia tatu, mtoto mweusi. Ya nne ni huyu. Na hawezi kutoka kwa mama peke yake. Baba pia ametoa."

Mwanarehema alihisi kifua kikimfunguka. Alimgeukia mumewe. Bakari hakumtazama.

"Wasema damu yetu ina ila?" Mwidani aliuliza.

"Si ila, mzee. Hata wewe huenda unabeba, na usijue maisha yako yote."

Mwidani alimgeukia Bi Dhahabu polepole. "Shemeji, katika ukoo wetu umepata kuona kitu kama hiki?"

Bi Dhahabu alizitazama zile punje mbili nyeupe.

"Sijapata," alisema.

Jioni Bakari aliingia chumbani na kufunga mlango.

"Umesikia alivyosema nesi," Mwanarehema alimwambia.

"Nimesikia. Mzungu ningemmeza, hata watu wakinicheka. Lakini hilo la damu yangu siwezi." Akampa talaka akiwa amesimama.

Hotelini meneja hakumkaribisha kiti. Habari zimeenea, alisema, na hoteli ina jina lake. Mwanarehema akarudi kwao Likoni, akawa anakaanga mihogo kando ya njia, mtoto amemweka chini ya meza asipigwe na jua. Hata hivyo midomo ya mtoto ilipasuka, na mabega yakatoka malengelenge.

Mwaka uliofuata Bi Dhahabu alikuja, peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alichutama, akamtoa mtoto chini ya meza, akamvika gauni la mikono mirefu na kofia ya ukindu yenye ukingo mpana. Vyote vilimkaa sawasawa. Kisha akampaka mafuta midomoni.

"Umejuaje haya, mama?"

Bi Dhahabu aliangalia njiani kwanza. "Kabla ya Bakari nilizaa wa hivi, wa kiume. Marehemu mume wangu na Mwidani walimchukua hata sijamnyonyesha. Nikaambiwa nimezaa maiti. Nami nilimsikia akilia."

Mafuta ya kukaangia yalichemka mpaka yakatoa moshi. Mwanarehema hakuupepea moto wala hakuuzima.

"Na pale kliniki ukasema hujapata kuona."

"Aliyeniuliza ni nani? Na nyumba ninayolala ni ya nani?" Akashusha sauti. "Bakari ameoa. Wamempa binti wa Mwidani, ili damu iwe safi. Ana mimba, miezi minane. Yule nesi alisema mmoja katika wanne. Huyu wako si ndiye huyo mmoja? Si amekwisha kutoka?"

"Haihesabiwi hivyo, mama. Ikiwa na huyo binti anabeba mbegu hiyo, kila mimba yaanza upya. Kila mimba."

Bi Dhahabu aliangalia tena njiani. Mtoto alikuwa amekishika kidole chake, akijivuta asimame.

"Mpelekeni hospitali akazalie huko," Mwanarehema alisema. "Mbele ya watu."

"Mwidani hataki. Amesema azalie nyumbani, mlango ufungwe." Akaiweka sawa kofia ya mtoto. "Mkunga niwe mimi. Akitoka wa hivi, asisikike akilia."

Akavibandua vidole vya mtoto kimoja kimoja, akajitanda kanga, akashika njia ya kurudi feri.