Kidole Kilichotangulia Machame

Usiku wa kuamkia leo niliota kibubu changu kimesimama mlangoni, kimevaa koti la mgambo, kinanizuia kuingia chumbani mwangu mwenyewe.

Niseme kwanza nililalaje. Naishi Dodoma, chumba kimoja, na kwa miaka miwili nimekuwa nikicheza poka, karata za pesa, kwa simu. Siku kumi na moja mfululizo nimefungwa. Nilikuwa nimebakiwa na hicho kibubu tu, kisanduku cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, na ndani yake nauli ya kwenda kwetu Machame wakati wa Krismasi. Sisi wa Machame tukienda kwetu Desemba watu hututania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Mimi sijahesabiwa Desemba mbili, maana nauli za miaka yote miwili niliziweka mezani zikaliwa. Simu za Mama niliacha kupokea. Sasa jana jioni nikaazima nyundo kwa fundi Mashauri, nikaiweka kando ya kibubu, nikajilaza kidogo nijishauri. Usingizi ukanipitia.

"Umekuja na nini?" kibubu kinaniuliza.

"Nimekuja mwenyewe."

"Mwili wote huo?"

"Wote."

"Ndiyo maana unafungwa," kinasema. "Mtu haketi mezani na zaidi ya sehemu moja katika ishirini ya alivyo navyo. Una vidole vingapi?"

Nikahesabu vya mikono, nikavua viatu nikahesabu vya miguu. Ishirini kamili. Nikachomoa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Hakikuuma, kilitoka kama kifuniko cha kalamu. Kibubu kikakikatia risiti, kidole kikaingia ndani kwa kurukaruka, na mimi, yaani sehemu kumi na tisa zilizosalia, nikaambiwa nisubiri nje kwenye benchi.

Benchi lilikuwa refu na nilikuwa peke yangu. Kwenye simu nimecheza na maelfu ya watu, na sijapata kumsikia hata mmoja wao akikohoa. Pale kwenye benchi nilitamani sana mtu akohoe.

Dirishani naona kila kitu. Meza imeinama upande mmoja, na karata zote zinaserereka kuelekea kwa wengine.

"Mbona imeinama?" namuuliza malkia wa shupaza, ambaye ndiye anayegawa karata.

"Aliyeketi hapa mara ya mwisho alikuwa na hasira."

"Nani huyo?"

"Wewe," anasema, anaendelea kugawa.

Kidole changu kinacheza vizuri kuliko mimi. Kinapewa karata mbovu, kinazitupa. Kinapewa nyingine mbovu, kinazitupa, wala hakioni haya. Mimi huona haya kutupa karata mbele ya watu nisiowajua. Hatimaye kinapata ree mbili, karata kubwa kuliko zote, kinaweka nusu ya ukucha wake, na kinafungwa na mtu mwenye saba tatu.

Nikainuka nivunje dirisha.

"Kaa," kibubu kinaniambia. "Kimecheza sawasawa na kimefungwa. Hutokea."

"Leo siku ya kumi na mbili!"

"Hutokea hata siku ya kumi na mbili."

Hapo hasara yangu ikapita mbio mbele ya benchi. Ilikuwa beberu mweupe, ubavuni ameandikwa laki tatu na arobaini. Nikamfukuza. Kadiri nilivyomkimbiza ndivyo alivyonenepa, na tulipolizunguka benchi mara ya saba maandishi yake yalikuwa yamefika laki nne na nusu. Pumzi zikaniishia, nikakaa chini. Beberu naye akasimama, akarudi taratibu, akalala kando yangu.

"Umeacha?" akaniuliza.

"Nimechoka."

"Afadhali. Mimi asiyenifukuza simkimbii."

Alikuwa na joto. Tangu mwezi wa sita hakuna kiumbe aliyekaa karibu nami kiasi kile, na sioni aibu kusema kwamba nilimkumbatia.

Ndani, kidole kinaamriwa kushuka. Huko ukifungwa unateremka kwenye meza ndogo, ukifungwa tena unateremka kwenye ndogo zaidi. Mimi nilikuwa nikifungwa napanda, ili nirudishe vyangu upesi. Kidole kinashuka ngazi moja moja bila kulalamika. Meza ya pili ni ya kahawa. Ya tatu ni stuli. Ya mwisho ni kigoda, na kigoda kiko jikoni kwa Mama, Machame. Mvua inapiga kwenye migomba. Benchi langu nalo liko uani kwake, wala sikuona aliyelihamisha.

Mama ameshika daftari na chupa ya wino, ule wa siku ya kupiga kura. Anahesabu watu.

"Kumi na saba," anasema. Kisha anaona kitu juu ya kigoda. "Anaeli?"

"Ni mimi, Mama," najibu kutoka dirishani.

"Mbona umekuja kidole?"

"Ndicho kilichoruhusiwa."

Anakiinua, anakigeuzageuza kwenye mwanga wa moto. "Kimekonda," anasema. "Mwaka juzi nyama yako ya Krismasi niliitundika juu ya moshi mpaka Machi. Mwaka jana mpaka Aprili. Mwaka huu ndugu zako wananiambia nisikuwekee, nyama haikai ikingoja mtu asiyekuja."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nahesabu kilichokuja."

Akakichovya kidole kwenye wino mpaka kwenye kifundo, akaandika daftarini: kumi na saba na kidole.

Nilitaka kuingia. Nilitaka kuingia kuliko nilivyowahi kutaka kushinda mchezo wowote. Lakini mlango ulikuwa mdogo, unatosha kidole tu. Nikalia kwa sauti, na beberu akanisaidia kulia.

Kibubu kikanivutia kando. "Nauli si mtaji," kikaniambia kwa upole. "Mtaji ni kile ambacho ukikipoteza bado unafika kwenu."

Nikaamka. Nyundo iko palepale, kibubu kiko palepale, misumari yake yote ipo. Kidole nacho kipo mkononi. Kina wino wa zambarau mpaka kwenye kifundo, na mwaka huu hatukupiga kura. Nimekisugua kwa sabuni, kwa limau, kwa mafuta ya taa. Hautoki.

Nikairudisha nyundo kwa fundi Mashauri.

"Kazi imekwisha?" akaniuliza.

"Bado, fundi. Nitaiazima tena tarehe ishirini, siku ya safari."

Halafu nikampigia Mama. Alipokea kabla simu haijaita mara mbili. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja: kwamba nakuja, kwamba sina zawadi ya mtu yeyote, kwamba nina nauli ya kwenda tu, ya kurudi sina.

Nilisikia mvua, na kuni zikipasuka jikoni kwake. Kisha akakohoa.

"Haya, baba," alisema. "Safari hii uje na vilivyobaki."