Nani Atakata Miwa

Jumanne moja ya mwezi wa sita, 1956, Wachuka alipandisha kikapu chake cha maua ya pareto kwenye mizani ya shamba, huko Dundori, akangoja karani asome. Karani Kimaiyo alisoma, akatazama tumbo lake, akauliza kama bado.

"Bado," Wachuka akasema.

"Na huu ni mwaka wa ngapi?"

"Tunaenda wa tatu."

Kimaiyo akaita mama aliyefuata. Foleni ilikuwa ndefu, na pareto mbichi haingoji hadithi za watu.

Mimba hiyo ilikuwa imeombewa kweli kweli. Wachuka alikaa miaka tisa kwa Naftaly Thuo bila mtoto, na katika miaka hiyo alipewa kila aina ya pole iliyoko duniani. Wenzake kanisani waliitwa Mama Fulani na Mama Fulani. Yeye alibaki Wachuka tu, kama msichana. Alifunga, akaomba, akalia, akaacha kulia, akaendelea kuomba. Mwisho wa 1953 akashika mimba. Naftaly, mkamuaji wa ng'ombe na mtu wa maneno machache, alipanda miwa nyuma ya nyumba siku hiyo hiyo. Kwa Wakikuyu, mtoto akizaliwa baba yake humkatia miwa, mitano kwa mvulana, mitatu kwa msichana. Miwa ya Dundori hukua kwa kujivuta, kwa sababu ya baridi, lakini hukua.

Mimba ilipofika mwezi wa nne, askari walikuja na karatasi iliyoandikwa "Thuo, Dundori". Ilikuwa Hali ya Hatari, na serikali ya wakoloni ilimtaka Thuo aliyepeleka chakula kwa wapiganaji msituni. Sasa, mzee Thuo wa zamani alikuwa na wana wanne, na kila mmoja, kama desturi inavyotaka, alimpa mwanawe wa kwanza jina la babu. Kwa hivyo shamba lile lilikuwa na akina Thuo wanne, wote binamu. Askari walisimama zizini wakaliita jina. Watatu walikuwa na akili zao, wakanyamaza. Naftaly alikuwa ameokoka, na mtu aliyeokoka akiitwa huitika. Walimpandisha lori la kwenda kizuizini mikono yake ikiwa bado na maziwa.

Mwezi wa tisa uchungu ulikuja vizuri, kwa siku yake. Mkunga, bibi mmoja aliyeitwa Wariara, aliweka sikio tumboni, akasikiliza kwa muda, kisha akaenda kunawa mikono.

"Mtoto ni mzima," alisema. "Anauliza nani atakata miwa."

"Mwambie mjomba wake yuko."

"Nimemwambia. Anasema mjomba si baba." Wariara akakunja vitambaa vyake. "Na ana haki, mwanangu. Usimlazimishe."

Uchungu ukapoa. Wachuka akawasha moto, akala, na kesho yake akarudi kuchuma pareto.

Mtoto aliendelea kukaa humo. Tumbo halikuongezeka wala kupungua. Mwaka wa pili alianza kuongea, kwa sauti ya mtu aliye ndani ya debe, na akawa anauliza mambo mengi kuhusu mvua na ng'ombe. Hakusema kama ni mvulana au msichana. Wariara alisema hiyo ni siri yake na aachiwe.

Juma lile lile la Jumanne ya mizani, Nicodemus, mzee wa kanisa, alimjia Wachuka nyumbani. Alikuwa ametoka kwa wakubwa waliokuwa wakiwahoji watu, na alikuwa na habari aliyoiona njema.

"Jumapili usimame mbele ya kanisa, useme mume wako alikula kiapo cha watu wa msituni," alisema. "Mke akikiri, faili inafungwa. Naftaly atakuwa hapa kabla ya Krismasi."

"Lakini hakula, mzee."

"Dada, ni neno moja tu. Upate mume, uzae. Mungu anajua moyo wako."

Hapo ndipo palipomuuma, kwa sababu alilitaka neno hilo. Alitaka kumshika yule mtoto hadi mikono yenyewe ilikuwa inamuuma. Mzee alipoondoka, Wachuka aliketi kumenya viazi, akamwambia Mungu waziwazi kwamba amechoka. Akamkumbusha kwamba Hana wa Biblia naye alingoja, lakini Hana alipojibiwa alipata mtoto wa kubeba mgongoni, si wa kuongea naye kama jirani aliye nyuma ya ukuta. Wachuka akamaliza viazi vyote, akaviteleka.

Jumapili akasimama. Nicodemus alimwashiria kwa kichwa aanze.

"Mume wangu hakula kiapo," alisema. "Aliitwa, akaitika, basi. Nikisema uongo ili nizae, nitakuwa nimezaa uongo, na sikumwomba Mungu hicho miaka tisa. Nitangoja."

"Amina," mtoto akasema tumboni, na kanisa lote likasikia.

Nicodemus alieleza kwamba asiyebatizwa haruhusiwi kuitikia kabla ya wazee. Kisha Wachuka akatengwa na Meza ya Bwana, akahamishiwa benchi ya nyuma, panapoingia upepo. Aliikalia benchi ile kila Jumapili. Hakukosa hata moja, hata siku za mvua ya mawe.

Mwanzoni mwa 1958 alishuka Nakuru kwa miguu, akaingia ofisi moja ya serikali yenye foleni ya wanawake. Alikuwa amesikia kwamba Thuo aliyetafutwa alijitokeza mwenyewe, akakiri, akafungwa mwaka mmoja na kurudi kwa mke wake. Mzungu wa mezani alifungua faili, akaisoma yote, akaifunga.

"Kweli, iko makosa," alisema. "Ile Thuo ingine nakwisha kiri, nakwisha toka. Hii yako hapana kiri. Mtu hapana kiri, hapana toka."

"Atakiri nini, bwana, na si yeye?"

"Hiyo shauri yake."

Mzungu alitazama tumbo, akauliza umri. Wachuka akasema miaka minne. Mzungu akamwonya kwamba mtoto akifika kumi na sita, kama ni mwanamume, atahitaji kipande, cheti cha utambulisho, chake mwenyewe. Wachuka akamshukuru, kwa adabu aliyolelewa nayo, akatoka.

Alinunua chumvi, akaanza kupanda kurudi Dundori. Hasira ilimfikisha maili tano bila kupumzika.

"Mama," mtoto akasema. "Mungu amesikia?"

"Amesikia."

"Mbona hajatupa tulichoomba?"

Wachuka alihamisha chumvi mkono wa pili.

"Wewe una miaka minne na sijakuona uso hata siku moja," alisema. "Nimewahi kukuweka chini?"

Mtoto akafikiri, akasema hapana. Zilikuwa zimebaki maili saba, zote za kupanda, na kesho yake ilikuwa siku ya kazi.