Uzi wa Dole Gumba

Mtu akichoka sana, hata kuvua viatu huwa safari. Siku ile nilikaa chini kabisa ya ngazi za jengo letu nikavitazama viatu vyangu, navyo vikanitazama, nikaona bora tupande hivyo hivyo. Ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na mbili. Nilikuwa nimepiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni tangu asubuhi, na kwapani nimebana ukulele.

Ukulele ni kama gitaa lililoachishwa ziwa mapema. Una nyuzi nne tu, na uzito wake haufiki mkate mzima. Mgeni mmoja aliusahau chumbani, ukakaa kabatini mwaka mzima bila mwenyewe kuuulizia, mwisho msimamizi akatuambia tugawane vilivyomo. Mwenzangu wa kufua akachukua mwavuli. Mimi nilipochukua ukulele walicheka wakashika mbavu.

"Bibi mzima, unakwenda kuimba baa?"

"Nakwenda kumwamsha wifi yangu," nikawaambia.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, nilimrithi kama watu wanavyorithi kabati: zito, halina pa kuwekwa, na kulitupa huwezi. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka kumi na moja, tukichambana asubuhi na kupatana jioni. Kazi yake kushona viti vya mabasi. Na kila Jumapili, kwenye karakana yao, katikati ya marundo ya sponji, yeye na wenzake wawili walipiga blugrasi. Huo ni muziki wa nyuzi tupu, hauna ngoma, unakimbia kama maziwa yanayochemka na mwenye jiko hayupo. Waliujua kwa kanda iliyosahauliwa ndani ya basi lililoletwa kushonwa viti. Redio yao ilikuwa inakimbiza kanda, wao hawakujua, wakajifunza nyimbo zote kwa mwendo ule. Nadhani hata wenye muziki wao wangewaomba wapunguze. Mwenzake mpaka rangi alipiga gitaa, mkata vitambaa fidla, na wifi yangu banjo, vidole vitatu amevivalisha kucha za bati. Ndiyo maana wakamwita Kucha.

Halafu Kucha akaanguka kutoka kwenye ngazi ya stoo, akavunjika bega la kushoto. Wakampasua, wakamuunga, daktari akamwambia asibebe tena kitu kizito kuliko birika la chai. Banjo lina pete ya chuma, na mkanda wake hukaa bega hilo hilo. Wifi akarudi nyumbani, akalala, akageukia ukuta. Miezi minane. Bega likapona, mwenye bega hakupona. Nilimwogesha, nikampikia, nikamchana nywele, nikaenda kazini, nikarudi nikaanza upya. Alikuwa na miguu yake miwili mizima lakini hakushuka ngazi hata mara moja. Na mimi, niseme ukweli, huruma ilikuwa imebaki kama kipande cha sabuni cha mwisho, kile kinachoteleza mkononi. Nilitaka jambo moja tu: ainuke. Asipoinuka yeye nitaanguka mimi, na hapo nani atamwokota nani?

"Kitendawili," nikasema nilipoingia, hata pumzi sijaivuta.

Zamani angejibu "tega" kabla sijafunga mdomo. Sasa aliyenisikiliza ni ukuta.

"Ndugu wanne wamelala kitanda kimoja, kitinda mimba kalala pa kifungua mimba. Haya, nipe mji." Nikaulaza ukulele kwenye blanketi, karibu na mkono wake.

Akageuza jicho moja. "Nini hicho?"

"Ukulele. Mwepesi kuliko birika."

"Wifi, mimi nilikuwa napiga blugrasi. Hicho ni cha kuimbia watoto wa chekechea. Kiondoe."

Sasa sikilizeni kosa langu. Kitendawili kile nilikitunga njiani, maana nilikuwa nimeziona nyuzi za ukulele hazikupangwa sawasawa. Magitaa yote niliyowahi kuyaona, nyuzi huanza na mnene upande wa juu, zikashuka mpaka mwembamba. Huu ulikuwa na mwembamba juu kabisa, panapokaa dole gumba, na ukiuchokoza unalia juu juu kama mtoto anayedakia mazungumzo ya wakubwa. Nikajiambia, ndiyo maana wifi kaukataa. Ni mbovu. Kesho yake nikaupeleka kwa fundi redio, mwisho wa mtaa, kibanda kilicho kati ya kinyozi na muuza vioo.

Fundi akavaa miwani, akaugeuza geuza. "Kweli, mama. Waliozifunga hizi nyuzi walikuwa na usingizi." Akaung'oa ule mwembamba, akaweka uzi mnene wa gitaa. "Sasa mkubwa yuko mahali pake."

Tukapongezana, wajinga wawili. Nikaurudisha kitandani kwa wifi, nikaenda zangu kazini.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Mashine ya kukamulia iliharibika, tukakamua mashuka kwa mikono, wawili wawili, tukiyasokota kama kamba. Saa kumi jioni niko nyumbani. Nikachota maji ya moto, nikatia chumvi, nikaweka beseni mbele ya kiti, nikatumbukiza miguu. Ndipo nikasikia: tin, tin, dum. Tin, tin, dum.

Wifi alikuwa amelala chali, ukulele kifuani, vidole vitatu vya mkono wa kulia vikipokezana. Sikugeuza hata shingo. Ndege akitua dirishani hapigiwi makofi.

Tin, tin, dum. Akasonya.

"Nilijua tu. Mkono wa kushoto unafika, shingo yake fupi, bega haliumi. Lakini dole gumba likienda pake linakuta dubwana."

"Dubwana gani?"

"Huu uzi wa juu, mnene. Kwenye banjo, wifi, hapa juu kuna uzi mfupi, mwembamba, sauti kali. Vidole vingine vinafanya wimbo, dole gumba linarudi kwake, linarudi, linarudi, kama mtu anayepiga hodi na kukaribishwa hataki. Bila huo blugrasi haichemki." Akauweka ukulele pembeni. "Nilisema cha chekechea."

Yalikuwa maneno mengi kuliko ya miezi minane yote. Nami, kwa uchovu, nikaropoka.

"Basi afadhali nilivyoutengeneza. Mwanzoni ulikuwa mbaya zaidi. Hapo juu palikuwa na kiuzi chembamba, kelele tupu."

Kitanda kikalia. Alikuwa ameketi.

"Chembamba?"

"Chembamba."

"Hapa? Pa dole gumba?"

"Si nilikutegea, kitinda mimba kalala pa kifungua mimba? Ukaninyamazia. Nikampeleka kwa fundi redio akamhamisha."

"Ametengeneza!" Akajipiga paja. "Mke wa kaka yangu ametengeneza! Wewe ukimwona kuku ana miguu miwili si utamwongezea miwili, alingane na mbuzi? Kiko wapi hicho kiuzi?"

"Kwa fundi."

"Kakilete."

Miezi minane akisema maji, naleta maji. Akisema dirisha, nafunga dirisha. Nikajaribu kuinua mguu kutoka kwenye beseni. Naapa nilijaribu. Ukatoka kidogo, ukachuruzika, ukarudi wenyewe.

"Siendi," nikasema.

"Wifi, yule anafunga saa kumi na mbili."

"Najua."

"Na kesho ni Jumapili. Wenzangu wanakutana."

"Najua na hilo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimechoka, wifi. Na si uchovu wa leo. Kama kiuzi hicho ni dawa yako, kifuate. Kama si dawa, geukia ukuta. Lakini mimi ngazi zile leo sizishuki tena. Hata nyumba ikishika moto nitaungulia hapa hapa na beseni langu."

Nikangoja matusi. Matusi ya wifi yamepigwa pindo, hayafumuki. Hayakuja. Alikuwa ameitazama miguu yangu ndani ya maji, vifundo havionekani, imejaa kama kiti kilichoshindiliwa sponji kupita kiasi.

"Iko hivyo tangu lini?"

"Tangu ulipoanguka."

Akainama kutafuta kandambili. Moja ilikuwa chini ya kitanda, ya pili ilihamia nyuma ya kabati. Akavaa koti langu juu ya gauni la kulalia, akashika ukulele kwa mkono wa kulia. Mlangoni akasimama, akaegemea fremu kama aliye kwenye ukingo wa mto.

"Ngazi ni ngapi vile?"

"Usizihesabu. Ukizihesabu zinaongezeka."

Nikasikia kandambili: pa, pa, pa. Kwenye ghorofa ya pili zikanyamaza. Nikashika mikono ya kiti tayari kusimama, miguu itake isitake. Kisha kikohozi. Kisha sauti yake ikimfokea mtu aliyeacha baiskeli njiani. Nikajilegeza. Anayefoka hajafa.

Maji yakapoa, miguu nikaiacha humo humo.

Aliporudi jua lilikuwa bado kwenye ukuta wa jengo la mbele. Alihema kama mvukuto. Hakulala. Aliketi kitandani, na ule ukuta aliokuwa akiutazama akauegemeza mgongo.

"Fundi kashtuka. Anasema alidhani nilishazikwa."

"Ungemwambia huko nako walikukataa."

"Nilimwambia hivyo hivyo."

Akakaza uzi, akausikiliza, akakaza tena. Halafu vidole vikaanza, polepole kwanza, kama mtu anayejaribu funguo gizani, na kila mara dole gumba likipita, kile kiuzi kikadakia. Ilikuwa sauti ndogo, ya ubao na nailoni, haina ukali wa banjo. Lakini ilikuwa inachemka. Akikosea anasonya, anarudi mwanzo, anaongeza mwendo.

"Zamu yangu ikifika, fidla itabidi inywee," akasema, "la sivyo sitasikika. Na mkata vitambaa kunywea hawezi."

"Mwambie bega linauma."

"Haliumi."

"Yeye atajuaje?"

Akacheka puani, akaendelea. Nikafumba macho, nisikilize vizuri.

"Unasinzia?"

"Nasikiliza."

"Unakoroma, wifi."

"Ndiyo mapigo yangu, hamna ngoma."

"Basi koroma upesi, unanichelewesha."

Nilikuwa na jibu, tena zuri, likaishia njiani. Mwisho wa wimbo ule mpaka leo siujui. Ameshaupiga mara nyingi tangu siku hiyo, karakanani na hapa nyumbani, na kila akiuanza mimi hulala.