Miche Mia Mbili ya Granville

Barua ilifika Jumanne moja mwishoni mwa Septemba 2021. Christian aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni, kabla hajamwambia mama yake kilichoandikwa. Kampuni inayosimamia jengo lao pale Granville ilikuwa imepokea malalamiko: maji yalikuwa yakidondokea ghorofa ya chini. Roshani yao ilikuwa imejaa vyombo na udongo, kinyume cha masharti ya upangaji. Vyote viondolewe ndani ya siku kumi na nne.

Vyombo vyenyewe vilikuwa pakiti za maziwa, makopo ya nyanya na vikopo vya mtindi, zaidi ya mia mbili, na katika kila kimoja kulikuwa na mche. Ilikuwa kazi ya Mama Chibalonza, mama yake Christian, mwanamke wa miaka sitini na mitatu. Alikuwa amelima Walungu, Kivu ya Kusini, tangu akiwa mtoto hadi siku alipokimbia. Baada ya hapo alikaa kambini Uganda miaka tisa. Mwaka 2018 ndipo yeye, mwanawe na mjukuu wake Lydie, binti ya Christian, walipopata nafasi ya kuja Sydney.

Miaka mitatu yote ya Sydney alikuwa mtu wa kufundishwa. Alifundishwa kuvuka barabara, kugusisha kadi kwenye mashine ya stesheni, kutaja tarehe yake ya kuzaliwa mbele ya daktari. Kiingereza kilikataa kumwingia kichwani, kwa hiyo kila ofisi aliyokwenda ilibidi Lydie afuatane naye kama mkalimani. Lydie alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliongea na bibi yake kwa namna ya watoto wengi wa huku: bibi anasema Kiswahili, mjukuu anajibu Kiingereza, na wanaelewana. Mama Chibalonza hakuwa mtu wa kunung'unika. Ila siku moja alimwambia rafiki yake Kawira kwenye simu kwamba tangu afike Australia hajapata hata siku moja ya kumwonyesha mtu jambo asilolijua.

Kisha lokdauni ya korona ikaja mwezi Juni. Christian aliendelea kwenda kazini kwenye ghala, akipimwa kila baada ya siku tatu. Lydie akasomea chumbani kwake mbele ya kompyuta. Mama Chibalonza akabaki na roshani. Mwezi wa Agosti, baridi ilipoanza kulegea, alianza kuotesha. Mbegu za lenga-lenga, yaani mchicha, alikuwa amepewa kanisani mwaka uliotangulia. Nyanya alizipata kutoka kwenye nyanya zilizooza, maboga kutoka kwenye boga la dukani, maharagwe kutoka kwenye mfuko wa kilo moja. Mnavu aliuokota mwenyewe kando ya uzio wa reli, mahali ambapo watu walikuwa wakiukanyaga kila siku wakidhani ni magugu. Majirani walipoona anachofanya walianza kumwachia pakiti tupu kwenye ngazi.

Jioni ile Christian alimweleza mama yake habari za barua kwa upole. Alikuwa mwana mwema, lakini alikuwa na hofu. Walikuwa wamesubiri miezi minane kupata nyumba ile, na hakutaka jina lake liingie kwenye orodha ya wapangaji wabaya. Alimwomba mama atupe miche, angalau nusu yake, kisha mwakani watatafuta namna nyingine.

Mama Chibalonza aliuliza swali moja tu: barua imesema roshani, au imesema nyumba nzima?

Christian akaisoma tena. Ilisema roshani.

Siku kumi na nne zilipotimia, mtu wa kampuni alikuja, akakuta roshani imefagiliwa na kukauka, akaondoka ameridhika. Miche ilikuwa chumbani kwa Mama Chibalonza. Ilikuwa imepangwa mistari juu ya kabati, chini ya dirisha, kuzunguka kitanda, na mingine bafuni ndani ya beseni la kuogea, ambalo watu wa nyumba walilazimika kulihama wakawa wanaogea ndoo. Kila asubuhi aliigeuza mmoja mmoja ili jua la dirishani liifikie pande zote. Hata hivyo, siku zilivyopita, miche ilianza kurefuka na kupauka. Alijua maana yake. Mche unaotafuta mwanga hivyo hauna wiki mbili za kuishi.

Ni Kawira aliyepata njia. Alikuwa Mmeru wa Kenya, muuguzi wa miaka arobaini na mmoja. Walikuwa wamefahamiana kwenye ibada ya Kiswahili kabla ya korona, na kwa majira yote ya baridi walikuwa wakipigiana simu kila Jumapili, ibada ya Zoom ikiisha. Kawira alikuwa amefanya kazi wadi ya wagonjwa wa korona tangu Julai. Alikuwa na nyumba yake Doonside, yenye uwanja mkubwa wa nyuma ambao hakuwahi kuufanyia kitu zaidi ya kukata nyasi. Tangu Juni hakuna mgeni aliyekanyaga kwake.

Serikali ilipotangaza kwamba waliochanjwa mara mbili wataruhusiwa kupokea wageni kumi nyumbani, Kawira alimpigia simu siku hiyo hiyo.

"Mama, lete miche yote," alisema. "Jumamosi tarehe kumi na sita. Tutaita marafiki waje tupande, tule, tukae pamoja. Nyumba ni yangu, lakini sherehe ni yako. Wewe ndiye utakayewapokea wageni na kuwaambia la kufanya."

Mama Chibalonza aliitazama miche iliyozunguka kitanda chake. Hakuwa amemkaribisha mtu yeyote mahali popote tangu alipotoka Walungu.

"Miye sina hata kiti ya kupatia mugeni," alisema.

"Viti viko. Mimi sina miche."

Jumamosi ile ilipambazuka na jua zuri la majira ya kuchipua. Akilimali, kijana wa kanisani aliyekuwa akisambaza mizigo kwa gari, alifika Granville saa mbili asubuhi. Walibeba miche kwa ngazi, mikono miwili kila safari, ghorofa tatu. Majirani walifungua milango wakatazama, na mama mmoja wa Kilebanoni aliyekuwa akiwaachia pakiti za maziwa alivaa viatu akaja kusaidia. Hakuna mche uliovunjika. Mama Chibalonza aliketi nyuma kabisa pamoja na miche, japokuwa Akilimali alimsihi akae mbele, akakubali kuhama tu Lydie alipoapa kwamba ataishikilia.

Doonside, wageni walikuwa wameanza kufika. Wengi walikuwa Wakenya: wauguzi wenzake Kawira, fundi umeme aitwaye Omollo, na Kariuki, mhasibu, ambaye alikuja na viatu vyeupe na mifuko miwili ya udongo wa dukani. Walisimama uwanjani wakitazamana kama watu waliosahau namna ya kusalimiana. Wengine hawakuwa wameonana ana kwa ana kwa miezi minne. Mmoja wa wauguzi alimkumbatia Kawira, akashindwa kumwachia, na wengine wakageuza nyuso kidogo ili wawaachie nafasi.

Mama Chibalonza alivaa kitenge chake cha sherehe na raba za Christian. Alisimama kwenye mlango wa nyuma akampa kila mtu kiwiko, kwani ndivyo watu walivyosalimiana wakati ule, na kumwambia karibu. Baada ya hapo akashuka uwanjani kuutazama udongo.

Ulikuwa mgumu. Omollo alikuwa ameazima sururu kwa jirani yake, na alipopiga mara ya kwanza ilidunda. Chini ya nyasi kulikuwa na mfinyanzi wa rangi ya njano, umeshikana kama tofali. Kariuki alitikisa kichwa. Alisema alikuwa ameangalia video nyingi wakati wa lokdauni na anajua jambo hili: udongo wa namna hii hauzai kitu. Njia ni kuchimba shimo, kujaza udongo mzuri wa dukani, na kupanda humo. Mifuko miwili itatosha kuanzia, mingine wataagiza.

Mama Chibalonza aliinama akachukua bonge la udongo. Alilimwagia maji kidogo, akalikanda, akalivingirisha baina ya viganja mpaka likawa kamba ndefu nyembamba. Akalinusa.

"Udongo hii haiko mubaya," alisema. "Iko na njaa."

Aliomba aonyeshwe kona iliyo kando ya uzio wa mbali, ambako mti mkubwa wa jirani ulikuwa ukidondosha majani. Majani yalikuwa yamerundikana pale miaka mingi bila mtu kuyagusa. Aliyafukua kwa mkono. Ya juu yalikuwa makavu, ya katikati yameoza, na ya chini kabisa yalikuwa yamekwisha kuwa udongo mweusi, laini, uliojaa nyungunyungu. Akasema hicho ndicho chakula. Kisha akasema hawatachimba mashimo. Watainua matuta.

Kariuki alikuwa mtu mstaarabu, na alisema kwa sauti ya chini, lakini wote walisikia. "Mama, kwa heshima zote, huku si Congo. Udongo wa huku ni mwingine."

Christian aliangalia chini. Alizoea mambo ya namna hii kumalizika kwa mama yake kunyamaza na kukaa kando. Alikuwa ameshaanza kutafuta kiti cha kumpa.

Lakini Mama Chibalonza alimwambia Kariuki achimbe shimo lake, na yeye atainua tuta lake, kando kwa kando, kisha wataangalia. Akamchukua Omollo na sururu yake. Kwa jembe fupi alilokuwa nalo Kawira, alionyesha namna ya kuuvunja mfinyanzi bila kuupondaponda, kuuchanganya na yale majani meusi, na kuuvuta juu mpaka ukawa mgongo. Alifanya kazi akiwa ameinama kutoka kiunoni, miguu imenyooka, na wauguzi wa nusu ya umri wake walisogea karibu kutazama. Robo saa baadaye tuta lake lilikuwa tayari. Shimo la Kariuki nalo lilikuwa tayari, mraba safi, limejaa udongo wa dukani unaovutia macho.

Mama Chibalonza akamwambia Lydie alete ndoo mbili za maji.

Ndoo ya kwanza ilimwagwa kwenye shimo. Maji yaliingia haraka, kisha yakasimama. Yalisimama kama kwenye beseni, udongo mzuri ukaanza kuelea juu yake pamoja na vipande vya magome. Walisubiri. Maji hayakuwa na pa kwenda, kwa sababu kuta za shimo zilikuwa mfinyanzi mtupu. Ndoo ya pili Mama Chibalonza aliimwaga mwenyewe juu ya tuta, polepole, akitembea. Tuta likanywa yote. Alipolichimbua kwa kidole, ndani palikuwa na unyevu na juu palikuwa pameanza kukauka.

"Muzizi ikikaa mu maji inakufa," alimwambia Kariuki, bila kejeli. "Fasi yote ni vile. Congo, Uganda, hapa."

Kariuki alilitazama shimo lake. Kisha akavua viatu vyeupe, akaviweka kwenye ngazi ya mlango, akakunja suruali.

"Haya mama," alisema. "Nianzie wapi?"

Kuanzia hapo uwanja ulikuwa wake. Aliwagawa watu bila kuinua sauti. Wenye nguvu walivunja mfinyanzi, wengine wakabeba majani kwa ndoo, mabeseni na hata shuka moja kuukuu. Akilimali na Christian waliinua matuta. Wauguzi walipewa miche, kwa sababu, alisema, wamezoea kushika kitu kidogo kisichotakiwa kuanguka. Aliwaonyesha namna ya kukata pakiti bila kugusa mizizi, na namna ya kuzika nyanya iliyorefuka mpaka shingoni ili sehemu iliyopauka igeuke kuwa mizizi. Kwa miche iliyopauka, udhaifu ukawa faida. Kawira alikuwa amepiga magoti kwenye tope, akicheka kwa mara ya kwanza tangu Julai, na alipoona mnavu aliita wenzake waje waone managu, jina la mnavu kwao, yaliyotoka kando ya reli.

Lydie alikuwa akipita na maji. Mwanzoni alisimama karibu na bibi yake kama alivyozoea kusimama ofisini, tayari kutafsiri, mpaka alipogundua kwamba hapakuwa na kitu cha kutafsiri. Watu wote walikuwa wakimsikiliza bibi moja kwa moja. Akaenda kwa Omollo, aliyekuwa akipanda maharagwe karibu karibu mno, akamwambia kwa Kiswahili, kwa lafudhi ya bibi yake mwenyewe, kwamba aache nafasi ya mguu mmoja. Christian alisikia. Alisimama na jembe mkononi akimtazama binti yake, kisha akamtazama mama yake, na macho yakamjaa machozi.

Kufikia saa tisa alasiri miche yote ilikuwa ardhini, matuta kumi na moja kutoka uzio hadi uzio. Walinawa kwa bomba la uwanjani wakakaa kwenye nyasi zilizobaki. Kulikuwa na nyama ya kuchoma, chapati za Kawira, na bugali, ugali wa kwao, na maharagwe ambayo Mama Chibalonza alikuwa ameyapika alfajiri. Kabla hawajala, Kawira alimwomba aombe, kwa kuwa ndiye mwenye sherehe. Aliomba kwa Kishi, lugha ya kwao, na ingawa wachache walielewa maneno, wote walisema amina.

Mvua ilinyesha Jumanne iliyofuata, na tena wiki nzima ya mwisho wa Oktoba. Maji hayakusimama kwenye tuta hata moja. Kila Jumamosi Mama Chibalonza alipanda treni kwenda Doonside, mara ya kwanza akiwa na Lydie, na mara zilizofuata peke yake. Katikati ya Novemba alivuna lenga-lenga ya kwanza, mafungu kumi na manane. Aliyapeleka kwa kila aliyepanda, na fungu moja kwa yule mama wa Kilebanoni.

Jioni hiyo simu ya nyumbani kwao ililia wakiwa mezani. Mama Chibalonza akaipokea; alikuwa Kariuki. Alikuwa na uwanja wake huko Schofields, alisema, nao ni mfinyanzi mtupu, na mke wake ameonja zile mboga. Je, mama angekuwa na nafasi Jumamosi ijayo?

Mama Chibalonza aliifunika simu kwa kiganja, akamwomba Lydie ampatie kalamu, kwa sababu alikwisha kuwaahidi watu wengine wawili kwenda kuwaonyesha namna ya kuinua matuta, na hakutaka siku zigongane.